1 Samweli 24:6: kuuliza hesabu ya ujenzi ni kumnyoshea mkono masihi wa Bwana?

Sauti ya Pili (Nakuru)

Bwana asifiwe wapendwa. Naombeni mnisaidie na hii kitu juu imeninyima usingizi wiki mbili sasa.

Niko kwa kanisa moja hapa Nakuru upande wa Kaptembwo, sitalitaja. Niko hapo tangu 2011, nilibatizwa hapo, nikafunga ndoa hapo, watoto wangu wawili waliombewa hapo, na naimba kwaya. Mwaka jana tulianza kuchanga pesa ya kujenga kanisa la mawe tutoke kwa mabati, kila familia elfu sita, na sisi wa kwaya tukaongeza yetu ya kuuza chapati na maandazi kila Jumapili baada ya ibada. Pesa zote zinatumwa kwa namba moja ya simu. Mpaka sai kwa ploti kuna lori mbili za kokoto na msingi wa upande mmoja, na mvua imeanza kuosha mchanga.

Kwa mkutano wa washirika nikainua mkono nikauliza tu kama tunaweza kusomewa hesabu. Sikutaja jina la mtu. Pasta hakunijibu, lakini Jumapili iliyofuata akahubiri 1 Samweli 24, pale Daudi anampata Sauli kwa pango la Engedi na watu wake wanamwambia leo ndio ile siku Bwana amekupea adui yako, na yeye anasema hasha, siwezi kumnyoshea mkono masihi wa Bwana, yaani mfalme aliyepakwa mafuta na Mungu. Akausoma huo mstari wa 6 mara tatu. Akasema Sauli alikosea sana lakini Daudi alinyamaza akamwachia Mungu, na mtu anayemuuliza mtumishi wa Mungu maswali ana roho ya Kora, yule aliyemwasi Musa, na ardhi itafunguka immeze. Yeye hakuniangalia, ni watu ndio waliniangalia. Mama mwenye tunakaa naye kwaya miaka yote hii akasogea kidogo kwa benchi, na hiyo ndio iliniumiza kuliko mahubiri.

Mzee wangu, yaani mume wangu, anasema tuhame. Mimi sitaki kuhama na pia sitaki kupigana na Mungu. Swali langu ni moja, huo mstari unasema kweli kwamba mshirika hafai kuuliza? Na kama mimi ni Kora nataka niambiwe nitubu mapema.

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Pole sana dada. Mimi si msomi wa Biblia, ni fundi wa mawe, nimejenga makanisa kadhaa huku Kisumu na kule Ahero. Nakwambia tu chenye nimeona: pale kamati inaandika kila mfuko wa simiti umeingia lini na umetumika wapi, hata fundi anafanya kazi akiwa na amani, na pale hakuna kitabu fundi ndio huwa wa kwanza kuitwa mwizi. Kuuliza si matusi. Ngoja wenye kujua maandiko waje.

Mwalimu wa Jumapili (Bungoma)

Dada, hii sura naipenda na nimeifundisha watoto mara nyingi, kwa hivyo nitaandika mrefu kidogo, mnivumilie.

Mstari wa 6 hauna shida yoyote, shida ni kufunga Biblia ukifika hapo. Endelea mpaka wa 8. Sauli anatoka kwa pango anaenda zake, Daudi naye anatoka nyuma yake anamwita kwa sauti, bwana wangu mfalme! Anainama mpaka uso uko chini, alafu anaanza kuongea na haachi mpaka mstari wa 15. Anamuuliza mbona unasikiza maneno ya watu wanaosema Daudi anakutafutia mabaya. Anamwita baba yangu, anamwonyesha kile kipande cha vazi lake, hiki hapa mkononi mwangu, ningetaka kukuua ningekuua. Anamuuliza mfalme wa Israeli ametoka kumfuata nani, mbwa mfu, ama kiroboto? Anasema Bwana ataamua kati yangu na wewe. Na si walikuwa wawili kwa chumba, Sauli alikuja huko na watu 3000 waliochaguliwa, na Daudi alikuwa na watu wake. Sasa huyo ndio mtu alinyamaza? Daudi alizuia upanga, mdomo hakuufunga. Tena alikuja na ushahidi mkononi na heshima yote, na Sauli akalia, akasema wewe una haki kuliko mimi (mstari wa 17).

Fuatilia pia hilo neno la kunyosha mkono uone vile linatumika. Sura ya 26 wanampata Sauli amelala tena, Abishai anataka kumdunga na mkuki wake mara moja tu, na Daudi anamkataza kwa maneno hayo hayo. 2 Samweli 1 yule Mwamaleki anakuja kujisifu ati amemmaliza Sauli, na Daudi anamuuliza hukuogopa kuunyosha mkono wako? Mahali kote hapo ni habari ya kuua. Sijapata hata mahali pamoja penye kunyosha mkono ni kuuliza swali kwa mkutano.

Na Daudi mwenyewe alipokuwa mfalme, akiwa amepakwa mafuta kabisa, Nathani alimwendea na ile hadithi ya maskini mwenye kondoo mmoja, mpaka akamwambia wewe ndiwe mtu huyo. Daudi hakumwambia Nathani umemgusa masihi. Alisema nimemfanyia Bwana dhambi.

Najua wengine watakuletea Zaburi 105:15, msiwaguse masihi wangu. Anza kuisoma kutoka mstari wa 9. Inaongea juu ya Abrahamu, Isaka na Yakobo wakiwa wachache, wageni, wanatangatanga kutoka taifa moja hadi lingine, na Mungu anawakemea wafalme kwa ajili yao. Yaani kwa huo mstari mwenye mamlaka ndio anaambiwa asimguse mnyonge! Tumeugeuza kichwa chini miguu juu. Alafu 1 Yohana 2:20 inawaambia waumini wote kwamba wamepakwa mafuta, si mtu mmoja wa madhabahuni peke yake.

Kuhusu Kora, soma Hesabu 16 yote, usisome tu pale ardhi inafunguka. Kora alikuwa Mlawi, tayari ana kazi yake kwa hema, akakusanya wakuu 250 pamoja na Dathani na Abiramu kuchukua ukuhani wa Haruni. Musa anamwambia wazi mstari wa 10, mnatafuta na ukuhani pia? Wewe umetafuta kuwa pasta? Umeuliza simiti iko wapi. Na tazama mstari wa 15, Musa amekasirika sana, na chenye anasema mbele za Bwana ni kwamba hajachukua hata punda mmoja wa hao watu. Kwa hiyo sura yenyewe ya Kora kiongozi anatoa hesabu yake! Samweli naye akizeeka alifanya vivyo hivyo, 1 Samweli 12:3, alisimama mbele ya Israeli wote akauliza nimetwaa ng'ombe wa nani, nimetwaa punda wa nani, nimemdhulumu nani, semeni nimrudishie. Huwa nasoma hapo natamani kila mtu anayeshika pesa ya kanisa aweze kusimama hivyo.

Mzee wa Kanisa (Vihiga)

Shalom. Mwalimu amesema mengi na mengi ni kweli, lakini mimi ni mzee wa kanisa mwaka wa 19 sasa na niseme upande wenye haujaguswa.

Nimeona kanisa likipasuka vipande viwili kwa swali kama hilo, na mwenye kuuliza alikuwa na haki kabisa. Leo makanisa mawili hayasalimiani na yametenganishwa na ua wa michongoma tu. Kora naye alianza na neno la kweli, alisema mkutano wote ni mtakatifu, na hiyo ni kweli, Mungu mwenyewe alikuwa ameshasema. Kwa hivyo mtu anaweza kubeba neno la kweli na moyo mbaya. Waebrania 13:17 inasema watiini wenye kuwaongoza kwa maana wanakesha kwa ajili ya roho zenu, haijafutwa hiyo. Na 2 Wafalme 12:15, wakati wa kurekebisha nyumba ya Bwana, wale waliopewa pesa za kulipa mafundi hawakuitishwa hesabu kwa sababu walitenda kwa uaminifu. Uaminifu pia upo jameni, si kila mtumishi ni mwizi.

Binti yangu, nikuulize na usikasirike. Kabla uinue mkono kwa mkutano ulimwendea yeye mwenyewe kwanza kama Mathayo 18 inavyosema? Na hiyo habari ulikuwa umeiongea na nani?

Sauti ya Pili (Nakuru)

Mzee umenipata pale penye sikutaka kupatwa.

Sikumwendea. Na kabla ya mkutano nilikuwa nimeandika kwa grupu ya WhatsApp ya kwaya kwamba simiti yetu imekuwa gari, juu pasta alikuwa amenunua gari mwezi huo. Watu wakaweka vicheko. Sina ushahidi wowote kwamba hilo gari ni la pesa ya kanisa, bibi yake anafanya kazi na wanaweza kuwa walichukua mkopo, sijui. Nilifuta baada ya siku mbili lakini watu walikuwa wameshasoma, na naamini ilimfikia.

Nimesoma tena mstari wa 5 leo asubuhi nikipika uji. Daudi alikata tu upindo wa vazi, hata hakumgusa mwili, na moyo wake ukamchoma. Mimi nilikata vazi la mtu mbele ya watu arobaini na moyo haukunichoma mpaka nilipohubiriwa vibaya. Kwa hilo natubu. Lakini bado swali la hesabu linabaki, ama?

Mama Wawili (Kakamega)

Linabaki mpendwa, tena usiruhusu hilo kosa la grupu litumike kulizika. Hayo ni mambo mawili, lile la kutubu utubu na lile la kuuliza uulize.

Mimi nataka kuongeza hadithi yenye watu hawahubiri sana, iko sura mbili tu kabla ya hiyo yako, 1 Samweli 22. Sauli anaambiwa Ahimeleki kuhani wa Nobu alimpa Daudi mkate na upanga. Anamwita, na Ahimeleki anajibu bila kutetemeka, katika watumishi wako wote ni nani mwaminifu kama Daudi? Unaona, mtu anaitwa mwaminifu akiwa mafichoni anatafutwa auawe. Sauli anakasirika anawaamuru askari wake wa karibu, wale wa kukimbia pamoja naye, wauweni hawa makuhani. Na Biblia inasema hawakukubali kunyosha mkono wao. Ni neno lile lile! Askari wa mfalme, wanakula chakula chake, wamekataa amri ya masihi wa Bwana akiwa amesimama hapo, na hakuna mahali Mungu anawalaumu. Mwenye alikubali ni Doegi Mwedomi, akaua watu 85 siku moja, alafu mji wote na watoto na ng'ombe. Kwa huo uwanja mwenye alitii kabisa bila swali ni Doegi. Mimi hiyo ilinibadilisha venye naelewa uaminifu.

Naandika kwa uchungu juu mimi nilikuwa kwa kanisa lenye kuuliza lilikuwa dhambi. Tuliambiwa tufunge, tukafunga, tuliambiwa tusipeleke mtoto hospitali tuombe kwanza, na nilikaribia kumpoteza kifungua mimba wangu na malaria. Dada ya mama yangu ndio alikuja akambeba kwa pikipiki usiku. Baada ya Shakahola 2023, pale waumini waliambiwa wafunge mpaka kufa na miili zaidi ya 400 ilitolewa kwa huo msitu kule Kilifi, nilikaa chini nikalia nikijua mimi pia ningefika hapo polepole, na mwanzo wake ulikuwa ni mstari kama huo wako unasomwa mara tatu.

Na mzee wa Vihiga nakuheshimu sana, lakini ongeza hii pia: mwisho wa sura ya 24 Sauli analia, Daudi anamwapia, alafu Sauli anaenda nyumbani kwake na Daudi na watu wake wanapanda kwenda ngomeni. Daudi alisamehe lakini hakurudi kukaa mezani pa Sauli. Kwa hivyo hata mzee wake akisema wahame siku moja, hiyo pekee si uasi.

Mweka Hazina (Kisumu)

Nimekuwa mweka hazina wa parishi yetu huku Nyalenda kwa miaka sita, na hiyo 2 Wafalme 12 yenye mzee ametaja ndio sura yangu kabisa, lakini mzee ameanzia mwisho. Rudi juu. Mfalme Yoashi aliwaambia makuhani wapokee pesa za watu na warekebishe nyumba. Mwaka wa 23 wa ufalme wake ukafika, na mabomoko hayajarekebishwa. Mfalme akawaita akawauliza waziwazi mbona hamjarekebisha? Hao walikuwa makuhani wa Bwana na waliulizwa! Tena Yehoyada, kuhani mwenyewe, akachukua sanduku akatoboa tundu kwa kifuniko akaliweka karibu na madhabahu. Sanduku likijaa wanakuja wawili, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu, wanahesabu pamoja na kufunga kwa mifuko. Ndio pesa inaenda kwa maseremala na waashi na mbao na mawe ya kuchonga. Sasa baada ya hayo yote ndio unafika mstari wa 15 wenye hawaitishwi hesabu. Uaminifu wao ulikuwa na sanduku lenye tundu na macho manne. Hapa kwetu tumechukua mstari wa 15 tukaacha sanduku.

Paulo naye akibeba mchango wa Yerusalemu hakwenda peke yake, 2 Wakorintho 8:20 na 21, alifuatana na ndugu waliochaguliwa na makanisa ili mtu asipate kuwalaumu, akasema wanafikiria yaliyo mema mbele za Bwana na mbele ya wanadamu pia. Kama Paulo aliona ni lazima, sisi ni nani.

Kwa vitendo sasa. Pesa ya ujenzi kuingia kwa namba moja ya simu ni hatari hata kwa pasta mwenyewe, akiugua leo ama simu iibiwe atasema nini? Pendekezeni akaunti ya benki ya kanisa yenye watia sahihi watatu. Mkikusanya Jumapili wahesabu watu wawili wasio wa familia moja, waandike, watie sahihi, na isomwe Jumapili inayofuata. Pia uliza kanisa lenu limesajiliwa wapi, makanisa mengi yako chini ya Sheria ya Vyama, Sura 108, na chama kilichosajiliwa kinatakiwa kuwa na vitabu vya hesabu na kupeleka ripoti kila mwaka kwa Msajili wa Vyama. Someni na katiba ya kanisa lenu, utashangaa, mara nyingi kusoma hesabu kwa mkutano wa mwaka imeandikwa humo tayari. Lakini usianze na sheria, hiyo iweke nyuma.

Mzee wa Kanisa (Vihiga)

Nimerekebishwa kuhusu sura ya 12, mweka hazina asante, kweli nilianzia mwisho na nimekuwa nikiisoma hivyo miaka mingi.

Binti yangu, nenda kwake. Usiende peke yako, chukua mama mmoja mwenye umri na mmoja wa kamati anayeheshimika, 1 Timotheo 5:19 inataka mashahidi wawili ama watatu. Anza na lile la gari, uombe msamaha hilo kwanza na usiweke "lakini" nyuma yake. Unyamaze kidogo. Alafu uulize hesabu. Asipowasikiza mwende kwa wazee wote, na wao wakikataa ndio mnaleta kwa kanisa. Mstari wa 20 wa hiyo 1 Timotheo 5 unasema wale wanaodumu kutenda dhambi wakemewe mbele ya wote, kwa hivyo hata mzee haponi. Nitakuombea Jumanne.

Sauti ya Pili (Nakuru)

Nimerudi kuwaambia. Tulienda Jumanne jioni, mimi na mama mmoja wa umoja wa akina mama na mzee mmoja wa kamati. Nilianza na lile la gari, nikamwambia nilikusengenya bila ushahidi na nimeandika msamaha kwa ile grupu penye nilikosea. Alinyamaza muda mrefu. Bibi yake akaleta chai. Alafu akasema gari ni la mkopo wa sako ya bibi yake na akaongeza hata yeye aliumia, hakulala siku hiyo. Nikamwamini.

Kuhusu hesabu alikuwa mgumu. Alisema pesa zingine zilikopwa kulipa kodi ya mahali tunaabudu wakati sadaka ilishuka, hakutuambia, na aliona aibu. Mzee wa kamati akamwambia pasta, hiyo ungetuambia tungechanga. Ametupea Jumamosi hii ataleta kitabu na taarifa ya ile namba ya simu kwa kamati. Juu ya mahubiri hakusema kitu na mimi sikumsukuma. Bado sijui kitabu kitaonyesha nini. Mzee wangu bado anasema tuhame lakini amekubali tungoje Jumamosi. Yule mama wa kwaya amenipigia simu jana.

Fundi wa Kondele, nisaidie na moja, ule msingi wa upande mmoja umenyeshewa wiki tatu sasa, utakuwa umeharibika ama bado unafaa?

Fundi wa Kondele (Kisumu)

Kama zege ilishika kabla mvua ianze hiyo haina shida, mvua haiharibu zege iliyokauka. Shida ni maji kusimama kwa mtaro wenye bado haujamwagwa, udongo unalegea na kuta zinaporomoka. Chimbeni mfereji upande wa juu maji yapite nje, mfunike mchanga na kokoto na nailoni nzito muweke mawe kwa kingo. Kabla mmwage upande wa pili mtoe tope lote mpaka mfike udongo mgumu, msimwage zege juu ya tope. Vijana wanne na majembe wanamaliza hiyo asubuhi moja.